Urefu ya mukono moja ndani ya kofre

Ile miaka yetu, sisi batoto ya kampi ya bafanyakazi, hatukuhitaji kalenda kwa kujua kama kipwe, ile majira ya baridi, imeingia. Maji ya ndoo ilikuwa inauma meno, na Papa alikuwa anatandika kable zake juu ya malata ya paa ya jikoni, jua izipashe. Alikuwa fundi ya kuran, ya umeme. Kable ya kutoka ku poto, ku nguzo ya njiani, ile munene kama dole gumba, wakati ya baridi inakuwa kichwa ngumu: unaikunja huku, inarudi kule.

Saa sita, kable ikishalegea, ananiita: "Vero, leta muti ya mama yako." Ile muti ya kutwangia sombe, majani ya muhogo. Alikuwa anazungusha kable juu yake polepole, sawa vile mama anasuka mutoto nywele, mpaka inapata kona ya muzuri. Kisha anaiingiza ndani ya kofre, ile sanduku ya ukutani yenye kugawa kuran mu nyumba, nyuzi zikilala moja pembeni ya ingine. Mama alilalamika kama sombe inanuka mpira. Tulikula vilevile. Mpaka leo, sombe yenye hainuke mpira minaiona kama imekosa chumvi.

Bipande ya kubaki ilikuwa yetu. Bavulana balitengeneza mutuka ya waya, sisi banamuke tulisuka bikomo ya rangi ya kuvaa ku mukono, kisha tunacheza muchezo yetu ya kange mu vumbi nyekundu mpaka Mama aite mara tatu. Batoto ya leo, unaita mara kumi, na beko palepale mbele yako, na telefone.

Kitu moja tu bantu habakuelewa. Chini ya kila kofre, Papa aliacha kable izunguke, urefu ya mukono moja. Majirani balimucheka: "Fundi, kofre yako iko na matumbo." Papa alijibu: "Ile urefu haiko yangu. Iko ya yule atakuja nyuma yangu. Siku ncha itaungua, ataikata, aunge tena."

Halafu Papa akalazwa hospitali. Donatien, mudogo yake, minamutaja jina kwa sababu mpaka leo anakaa kanisani ku benchi ya mbele, akafunga kuran, akafungua kofre yetu. Alikata matumbo yote, akavuta kable zenye kubaki, akaziunga, akaenda kuuza shaba. Kofre ikabaki safi, kable zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mama akamusifu: "Donatien, wee unapita kaka yako." Majirani balikuja kuangalia. Na mimi minajitaja: nilimuona akitia shaba mu mufuko. Akanipa bonbo, pipi moja, nikanyamaza.

Kable yenye kuvutwa haina amani. Polepole inalegea ku vis, ile skrubu ya kuikamata, inapata moto. Asubuhi moja, Mama iko soko, kofre ikawaka. Mi nilitoka, hii mukono yangu ya kushoto imeungua, kovu iko mpaka leo. Mado, mudogo yangu, alikuwa amelala na malaria mu chumba ya nyuma. Hakutoka.

Papa akarudi kutoka hospitali. Alisimama mbele ya ile kofre nyeusi, akanyoosha mukono, akapima urefu yenye haikuwa tena pale.

Mwezi iliyopita, hapa mu komini ya Kenya, niliita fundi kijana aweke kofre mupya. Alikuwa anasukuma kable na mupini ya nyundo. "Itaingia, maman, itachoka yenyewe." Nikamupa muti ya sombe. Akacheka: "Maman, unataka nitwange kuran?" Nikamuonyesha. Alizungusha, kable ikatii. Kisha akachukua pense kwa kukata yenye kubaki.

"Iache."

"Inachafua kofre, maman. Iko ya nani?"

"Ya yule atakuja nyuma yako."

Akaangalia mukono yangu ya kushoto. Akarudisha pense mu mufuko.

Zamani tulikula sombe ya kunuka mpira, na bantu balikuwa banaacha urefu. Leo ku avenue yetu kofre zote ziko safi, hakuna hata moja yenye matumbo. Minapita nikiziangalia, nikijiuliza nani analala mu chumba ya nyuma.