Serikali Iko Mbioni

Mwalimu aliyekuja Machakos kuwafunza maafisa wa serikali kuhojiwa na wanahabari alikuwa mama mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, na Wanyoike wa ofisi ya maji alimhofu kuliko mkubwa wake wa kazi. Kila afisa alipomaliza kujibu, mama aliifuta maikrofoni kwa ncha ya leso, polepole, kama anayemfuta mtoto uji mdomoni, kisha akarudisha kaseti nyuma ili mwenyewe asikie alichosema. Hakumkemea mtu. Zamu ya Wanyoike ilipofika, akamuuliza maji ya Kithyoko yamepotelea wapi.

"Serikali iko mbioni kuhakikisha..."

"Inakimbilia wapi, bwana?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliweka maikrofoni mezani, akainama, akavuta juu ya paji la uso mukwa usiokuwepo, ile kamba ya kubebea mtungi mgongoni. Shingo ikamkakamaa. Kiswahili chake nacho kikaingia lafudhi ya Kikamba.

"Mwanangu, mimi natoka Kithyoko. Maji itarudi lini?"

Wanyoike akaitazama ile shingo. "Mama, pampu imekufa. Wiki hii hakuna maji. Pole sana."

"Asante, mwanangu," akasema, akiukaza mukwa wake. "Basi wacha niende mtoni mapema, jua haijakuwa kali."