Nilifundisha Usiri kwa Siri ya Mgonjwa Wangu

Nimekosa, jameni, na sitajitetea. Mimi ni nesi, nafundisha pia wanafunzi wa uuguzi hapa Kericho, na nilivunja kitu kile kile nilichosimama kufundisha.

Kuna mama mmoja mchuma majani chai, anakaa nyumba za kampuni upande wa Kapsoit. Kila mwezi alikuja kliniki yangu kuchukua ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Mume wake hakujua. Alikuwa ameapa kwamba akimpata na huo ugonjwa, mmoja wao atatoka hapo akibebwa. Mama aliniambia mimi peke yangu anakoficha vidonge: ndani ya debe ya unga, chini kabisa.

Siku ya zoezi la usiri nilikuwa nimechoka kutunga visa. Nikachukua chake. Mmoja aigize mgonjwa, mwingine nesi, wa tatu mume anayekuja kuuliza. Nikabadilisha jina, nikasema anauza samaki Soin. Debe nikaiacha vile vile kwa sababu ilinogesha hadithi. Wanafunzi wakacheka. Hata mimi nikacheka, mjinga mimi!

Tulipomaliza, msichana aliyeigiza nesi alibaki nyuma. Huyo hakuwa anacheka.

"Madam, hiyo debe ni ya rangi gani?"

"Ya bluu," nikamjibu. Woi, ulimi wangu! Nilidhani ni bidii ya masomo.

Akafunga daftari. "Bibi ya kaka yangu ako na debe kama hiyo." Akabeba begi, akaenda.

Ningemkimbilia. Ningempigia mama simu hapo hapo. Mimi nikaenda kunywa chai.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kliniki. Hakuja. Simu imezimwa. Nikaenda mpaka kwake, nikakuta kufuli mlangoni. Jirani akaninong'oneza, "Usiulize hapa, nesi. Rudi kwako." Mume anaendelea kwenda kazini kama kawaida!

Nimeeleza chifu kila kitu. Chuo kimenisimamisha kazi, na nimestahili.

Walimu wenzangu, tungeni visa vya kichwani mwenu! Huku kwetu kila mtu ni shemeji ya mtu. Kubadilisha jina si kuficha mtu.

Na wewe mama, kama uko mahali unasoma hii, usinisamehe. Ingia tu kliniki yoyote wakupe dawa. Jumatatu ile vidonge vilikuwa vimekubakia vya siku mbili, na sasa ni wiki ya tatu.