Maji Yaliyonuka Ubani

Maji ya bahari hayanuki ubani.

Lakini mimi niliinama ndani ya chumba cha injini cha boti iliyokuwa inaelea baharini, nikachovya kidole kwenye maji yaliyotuama mle, nikaonja. Chumvi hakuna hata chembe. Ubani mtupu.

Hapo ndipo nilipojua kuna mtu ananichezea.

Tulieni niwasimulie.

Naitwa Ernesti, Mbondei wa Muheza. Mwaka themanini na sita karakana ya shamba la mkonge nilikokuwa fundi ilifungwa kwa kukosa spea. Mke wangu Anjela akarudi kwao Magila. Hatukugombana, wala hatukuagana vizuri. Mimi nikasema atarudi mwenyewe akinikumbuka.

Nikabaki na chumba changu Chumbageni, Tanga mjini, kitanda na boksi la spana. Jioni nilikuwa naongea na jiko la mkaa. Sitanii.

Ndipo akanitafuta Bwana Naushad, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Watoto wake walikuwa wameshahamia Ulaya. Walibaki yeye na mkewe, Mama Mariambai, ndani ya ghorofa kubwa lenye vyumba vilivyofungwa.

Mzee alikuwa na boti ya matanga yenye injini ndogo ya dizeli, imefungwa kwenye gati dogo kule Raskazone. Mzungu mmoja aliitaka. Boti ikiuzwa tu, wazee wanafunga virago kufuata watoto.

Tatizo, chumba cha injini kilikuwa kinajaa maji. Na mzungu kashasema chombo kinachovuja hanunui.

Boti iliandikwa jina ubavuni: Ummekulsum.

Nikauliza ni nani. Bwana Naushad akageuka akatazama pembeni. Mkewe ndiye aliyenijibu kwamba ni binti yao, na amelala makaburini hapa hapa mjini.



Nikaanza kazi. Nilikausha kila kitu kwa matambara, nikanyunyiza majivu makavu kwenye kila kiungo. Maji yakipita juu ya majivu yanaacha mchirizi, unaufuata mpaka kwenye mzizi wake.

Mchirizi wa kwanza ulinipeleka kwenye shafti, pale inapotoka nje kwenda kwenye pangaboi la kusukuma boti. Nati ya kubania ilikuwa imelegea kabisa. Nikadhani ni mtikisiko. Kamba ya kuzibia nayo ilikuwa imechoka, na madukani haikuwepo, kwa hiyo nikasokota nyuzi za pamba, nikazilowesha mafuta ya kondoo, nikazishindilia, nikakaza.

Kesho yake maji tena.

Safari hii ni sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia maji, imekatika kwa uzee. Jamaa mmoja akaniletea nyingine kutoka Mombasa. Pale mpakani Horohoro aliipitisha kwa kuificha katikati ya miche ya sabuni.

Nikafunga. Kukawa kukavu mpaka raha.

Mzungu akaja kutazama. Nikafungua kifuniko kwa mbwembwe zote.

Maji.

Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mzungu akaniuliza kwa upole kama kweli mimi ni fundi. Akasema atarudi mara moja tu, ya mwisho. Na mji mdogo huu, jina likishaharibika nani atakuita tena?

Nikakausha upya, nikanyunyiza majivu upya. Alasiri iliyofuata nikayakuta maji, lakini majivu ya chini hayajaguswa kwenye kiungo chochote. Mchirizi ulitoka juu, kwenye kifuniko, ukateremka. Na mvua haikunyesha.

Ndipo nikaonja.

Ubani ule niliujua. Mama Mariambai alikuwa anakuja na mumewe gatini kila siku, na mtungi wa udongo alioufukiza ubani. Ni yeye aliyekuwa akininywesha maji hayo nikiwa kazini.

Mzee alikuwa ameenda msikitini. Mama amekaa peke yake ukingoni mwa gati. Nikamsogelea.

"Mama," nikasema, "maji ya kwenye injini yananukia kama ya mtungi wako."

Hakukana. Kisha akaniuliza, "Mimi nikienda huko, asumini ya kaburini kwa Kulsum ataimwagilia nani?"

Nikaketi kando yake.

Akanieleza kwamba mumewe akisikia habari za wajukuu anatokwa na machozi, na yeye hawezi kuwa mwiba wa kumzuia mzee wa watu. Nikamwambia siwezi kumsema kwa mumewe, lakini aseme mwenyewe. Kunyamaza kwake kutanimaliza mimi, na yeye pia.

Bwana Naushad aliporudi, mkewe alimweleza kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja ila jina la binti.

Nikasubiri ngurumo.

Mzee akaketi chini palepale, juu ya lundo la kamba. Akanitazama mimi, halafu mkewe, akasema kwa Kiswahili, "Ile nati ya shafti niliilegeza mimi."



"Nilidhani wewe ndiye unayetaka kwenda," akamwambia mkewe. "Kila siku unafuta vumbi masanduku."

"Nilikuwa nafuta kwa sababu yako," mama akasema.

Muda wote ule, meza moja, kitanda kimoja, kila mtu anatoboa chombo kwa siri yake. Niliokota spana zangu polepole, nikawaacha wameshikana mikono bila kutazamana.

Boti haikuuzwa.

Mimi sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda basi la Muheza, nikashuka nikatembea hadi Magila.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda. Akaniambia Anjela alikuwa anatoka kwenda barabarani kila aliposikia basi la Tanga. Masika ilipoisha akaacha kutoka. Sasa yuko Korogwe, kwa mume mwingine.

"Alisema kama unamtaka ungekuja," mama mkwe akasema.

Nami nilikuwa nasema kama ananitaka angerudi.

Ndugu zangu, mtu usikae ukibuni yaliyo moyoni mwa mwenzio. Muulize. Muulize angali anatoka nje kutazama basi.