Simu Imemfumbua Bibi Macho

Jamani, leo simu yangu imemfumbua marehemu bibi macho.

Picha yake pekee niliipiga kule Idete siku ya kuaga mwili, akiwa ndani ya jeneza.

Jana niliapdeti simu. Asubuhi mama akataka tukaisafishe hiyo picha studio.

Kufungua hivi, bibi anatutazama. Simu imemrekebisha yenyewe, ikidhani ni mtu aliyepepesa tu!

"Mama, nipe niirudishe ilivyokuwa."

"Wee, usiguse!" Kisha akaiinamia simu. "Shikamoo, mama. Unaniona?"

Bibi alikuwa kipofu tangu kabla mama hajazaliwa. Macho yale ni ya simu.

Mngemwambia?

Mimi nimeshindwa. Imesafishwa hivyohivyo, kubwa, imetundikwa sebuleni.

Sebuleni ndiko ninakolala.