Ramani Ubavuni mwa Gari la Mjomba

Juzi pale Buguruni niliona gari la mtumba lenye maandishi ya Kijerumani, na harufu ya biriani ikanijia puani. Gari la mjomba wangu, mpishi wa harusi, nalo lilikuwa mtumba wa Ujerumani, lenye ramani ubavuni: wilaya moja ya mashamba huko Ujerumani na vijiji vinavyopakana nayo. Mie mtoto niliamini ni ramani ya Dar. Tulipopotea tukipeleka biriani la harusi Goba, nilishuka kuitazama.

“Mjomba, tuvuke mto, kisha kushoto msituni.”

“Sawa, msomi wangu.”

Tulifika biriani limepoa, wenyeji wanakunja mikeka.

Ukubwani nilikwenda kusomea stashahada yangu Ujerumani, katika wilaya ileile ya kwenye ramani. Nilishuka kwenye treni, nikavuka mto, nikakata kushoto msituni, nikafika chuoni bila kumuuliza mtu. Nikampigia mjomba: ramani ilikuwa sahihi.

“Kawaambie watu wa Goba,” akajibu.