Kikombe cha Maji juu ya Gari

Usingizi ulinipotea kwa sababu ya nta ya gari langu la kwanza: niipake upya kila mwezi, au nikiizidisha nitaharibu rangi? Asubuhi niliona umande umesimama kama shanga juu ya gari la jirani, nikamkumbuka baba yangu, Papa.

Alasiri moja ya utoto wangu, enzi za Zaire, alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha simenti cha Kabimba, gari likinuka vumbi la simenti. Aliliosha, akalimwagia kikombe cha maji ya ziwa. Matone yalisimama yakitetemeka.

“Papa, gari inasikia baridi?” Nilikimbia kuleta kitenge cha Mama, nikalifunika.

Papa alicheka hadi akaketi chini. “Hapana, mutoto wangu. Nta ingali iko. Siku maji itatandaa, siku ile njo tutapaka tena.”

Leo nilimwaga kikombe changu cha maji juu ya gari langu. Maji yakatandaa. Nikalikausha gari, nikapaka nta nikicheka peke yangu.