Mguu Mtupu

Dereva mwenzangu huliendesha lile gari kubwa la watalii, lenye vitanda na jiko ndani, akiwa amevua kiatu cha kulia. Anasema mguu mtupu haukanyagi mafuta ovyo. Kwenye milima ya Mbozi hupanga gia mapema, injini isingurume, huku akiimba tenzi kwa sauti ya chini. Jana alisinzia, nami nikashika usukani, nikakanyaga mafuta kuanzia Mlowo hadi Tunduma. Tulipofika, bosi wetu alichovya kijiti kwenye tanki kupima mafuta, akauliza nani kauza dizeli. Nilijifanya nafuta kioo. Mwenzangu aliinama, akafunga kamba za kiatu taratibu. "Nilikanyaga sana, bosi. Nisamehe." Leo tukirudi kaniachia usukani. Nimevua kiatu bila kuambiwa, na mpaka Mlowo sijaweza kumtazama.